Mjomba, Mpwa na Soksi za Shule

Mama yake Jensen Huang na babu yake Lisa Su, yule babu mzaa mama, ni dada na kaka. Kwa hesabu za ukoo za kwetu mambo yameishia hapo: Jensen ni mjomba, Lisa ni mpwa. Mjomba aliianzisha Nvidia mwaka 1993 pamoja na wenzake wawili, na mpaka leo ndiye mkuu wake. Mpwa anaiongoza AMD tangu 2014. Wote wawili wamezaliwa Taiwan, wote wakakulia Marekani, na chipu za kadi zao za grafiki zinatengenezwa na kampuni moja, TSMC, hukohuko Taiwan. Dunia nzima vijana wanakesha wakitukanana kuhusu kadi ya nani ni bora, jambo ambalo kwetu lingemalizwa alasiri moja na kikao cha ukoo. Mkeka, birika la kahawa, na mzee mmoja wa kusema: mjomba, teremsha bei, mpwa, ongeza kasi, sasa leteni wali.

Kikao hicho hakijaitishwa. Ndiyo maana ugomvi umefika Tabata, sebuleni kwangu, na umekuja kwa njia ya ukoo vilevile. Mimi nina kadi ya mjomba, GeForce RTX 4090. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana kadi ya mpwa, Radeon RX 7900 XTX. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, masika yale alikuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya magoti, na kwa kuwa mvua haikumruhusu kutoka, akawa mtazamaji, kisha shahidi, na mwisho hakimu.

Kwa asiyehusika na mambo haya, kadi ya grafiki ni kama kompyuta iliyowekwa ndani ya kompyuta: ina prosesa yake, memori yake na feni zake, na kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kila mchoro mmoja ni fremu, na wacheza gemu huhesabu fremu kwa uchungu ambao wengine huuweka akiba kwa ajili ya salio la benki. Kadi yangu iliingia sokoni Oktoba 2022 kwa dola 1,599. Ya shemeji ikafuata Desemba kwa dola 999. Zote mbili zina memori ya gigabaiti 24. Tofauti ya dola 600, kwa shilingi ya wakati ule, ilikuwa milioni moja na laki nne hivi, kabla ya nauli ya ndege na ushuru, na mke wangu hakuhitaji kikokotoo. Alisema, “Friji.”

Toka siku hiyo nyumbani kwetu tofauti ya kadi hizi haitajwi kwa dola wala kwa fremu. Ni friji moja.

Utetezi wangu ulikuwa wa kweli, na bado ni wa kweli. Ninachora picha za nyumba ambazo hazijajengwa, ili mwenye kiwanja Kigamboni aione sebule yake kabla ya kununua tofali la kwanza. Kazi hiyo naifanya kwa programu ya Blender, na kwenye Blender kadi ya mjomba inamwacha mpwa mbali sana, hakuna hata ubishi. Shemeji kwa upande wake ni fundi wa mitambo ya bandarini. Hana kazi yoyote inayohitaji kadi ya namna hii na hajawahi kudai anayo. Alipoulizwa na mkewe, alisema anataka kucheza gemu, na jibu likapita bila swali la pili. Mimi niliyekuja na hoja za kitaalamu ndiye ninayedaiwa friji.

Boksi lilipofika, mama mkwe alipokea salamu zangu, akaliangalia, akauliza kama tumenunua jiko la umeme. Si kosa lake. Hata 4090 inayotengenezwa na Nvidia wenyewe, ambayo ni ndogo ukilinganisha na za watengenezaji wengine, ina urefu wa sentimita 30.4 na unene wa sentimita 6. Kijana wangu wa darasa la sita aliileta rula yake ya shule kwa moyo safi, na rula ikaishia kabla ya kadi kwisha. Kasha la kompyuta lilikuwa na nafasi ya kadi, ila halikuwa na nafasi ya waya wake. Waya huo ni adapta inayotoka kwenye kadi kwa tundu moja dogo kisha inajigawa mikia minne minene, kama pweza aliyekatwa nusu, na kila mkia unadai soketi yake kwenye pawa saplai. Mpwa amestaarabika zaidi: kadi yake inatumia plagi mbili za kawaida ambazo fundi yeyote wa Kariakoo anazifahamu tangu zamani.

Halafu kuna uzito. Kadi ya zaidi ya kilo mbili imeshikwa na skrubu upande mmoja, upande wa pili unaning'inia hewani, na taratibu inaanza kuinama. Watu wa Ulaya wanauziwa vijiti maalumu vya kuitegemeza. Sisi tulipata kopo la kiwi. Kimo chake kilikuwa sawasawa na pengo lililokuwepo, utadhani watengenezaji wa kiwi na wa kadi waliandikiana barua. Mambo yakawa shwari hadi Jumatatu alfajiri, kijana alipohitaji kung'arisha viatu. Niliikuta kadi imeinamisha kichwa, kopo liko kibarazani limefunguliwa, na viatu vinang'aa. Siku hizi tuna makopo mawili, na moja limeandikwa YA KADI kwa herufi kubwa, wino mwekundu.

Shemeji na mimi hatujawahi kugombana kwa hasira. Tunataniana, lakini utani wenyewe una meno, kwa sababu kila kadi ina aibu yake inayojulikana. Wiki chache baada ya 4090 kutoka, watu mbalimbali duniani walianza kuonyesha ile plagi ya pini 16 ikiwa imeyeyuka. Nvidia wakasema wengi wao hawakuichomeka mpaka mwisho, na baadaye, mwaka 2023, plagi yenyewe ikafanyiwa marekebisho. Kadi ya mpwa nayo haikupona. Baadhi ya zile za kwanza zilizobuniwa na AMD wenyewe zilipatikana na joto la nyuzi 110, na Januari 2023 AMD wakakiri kwamba kile chumba cha mvuke kinachopoza chipu kilikuwa na kimiminika pungufu. Kwa hiyo shemeji akinipigia simu huanza, “Vipi, imeshayeyuka?” Nami namjibu, “Hapana. Ya kwako imeshaletewa maji?” Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa utani huo. Anajua kukaa na ndoo akisubiri. Kusikia kwamba hata kadi ya dola 999 nayo iliwahi kukosa maji ya kutosha ni faraja ya aina yake.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Shemeji alikuja na bajaji katikati ya mvua, kadi ameikumbatia kifuani ikiwa imefungwa kwa khanga ya mkewe na juu yake mfuko wa rambo, yeye mwenyewe amelowa hadi ndani. Mama yake alimpokea khanga kwanza.

Mpango ulikuwa rahisi: kompyuta moja, kadi mbili, tunabadilisha. Wanaofanya kazi hii kitaalamu wana maabara, vipimo vya umeme na subira. Sisi tulikuwa na bisibisi, na bando. Ukitoa kadi ya Nvidia na kuweka ya AMD, inabidi ufute programu endeshi zote za mjomba na kupakua za mpwa, ambazo ni mamia ya megabaiti. Ukirudi kwa mjomba, unafuta za mpwa. Bando la mke wangu ndilo lililotolewa sadaka, bila yeye kuarifiwa, na mchangiaji aliyelitoa ni kaka yake, wala jina langu lisitajwe.

Tulianza na Cyberpunk 2077, gemu ya mji wa usiku, taa nyingi na uhalifu mwingi. Toka Aprili 2023 ina hali ya kuchora mwanga kwa kufuata kila mwale unavyogonga ukuta, kioo, bati la gari. Hapo ndipo mjomba anapomwonea mpwa. Kwa picha ya 4K bila msaada wowote, hata 4090 haifikishi fremu 30 kwa sekunde. 7900 XTX inatoa fremu za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu anatembea kwenye skrini kwa vituo, anaonekana hapa, kisha pale. Mama mkwe alimtazama muda mrefu akasema, “Huyu naye magoti.”

Tukarudisha kadi yangu, na nikamwita mke wangu aje aone friji lake lilikokwenda. Nilimwonyesha barabara iliyolowa, madimbwi, na taa nyekundu za duka zikijirudia ndani ya maji kwa usahihi kabisa, hata wimbi dogo gari linapopita. Akaangalia. Kisha akaenda kufungua pazia. Nje, barabara yetu nzima ilikuwa madimbwi, taa ya bodaboda inacheza juu ya maji, wimbi dogo hilo, na hakuna aliyelipia. Akarudi jikoni bila kusema kitu.

Nikajaribu kumweleza kuhusu DLSS 3, ufundi wa mjomba ambapo kadi inatazama fremu mbili na kubuni ya tatu ya kuweka katikati, ili picha iende laini. AMD nao walileta ya kwao, FSR 3, Septemba 2023. “Kwa hiyo,” aliuliza kutoka jikoni, “umelipia picha ambazo gemu haikuzichora?” Sijapata jibu zuri la swali hilo, na nimewahi kusoma maelezo ya wahandisi.

Saa kumi jioni mvua ilipotulia, harufu ikaingia. Harufu ya plastiki, nzito, ya kuungua. Shemeji alinitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. “Imeyeyuka!” alipiga kelele, na kabla sijanyanyuka alikuwa ameshachomoa waya ukutani, amefungua kasha, ameshika tochi ya simu kwa meno, na anaitoa plagi yangu ya pini 16 kwa vidole viwili. Tuliikagua pini moja baada ya nyingine. Ilikuwa safi, nyeusi, haina hata alama. Tulinusa pawa saplai. Tulinusa ekstensheni. Shemeji, kwa haki tu, akainusa na kadi yake iliyokuwa juu ya khanga, haijachomekwa popote. Mama mkwe alikuwa dirishani wakati wote huo. Alisubiri tumalize, akasema, “Jirani anachoma chupa.”

Tukahamia Call of Duty: Modern Warfare II, ambako mpwa anajikomboa: kwenye gemu hiyo kadi ya dola 999 inaikaribia sana ile ya dola 1,599, na shemeji alikuwa ameisubiri gemu hii tangu asubuhi. Ila gemu yenyewe, kila ukibadilisha kadi, inadai kwanza kuandaa michoro yake, na maandalizi hayo yanachukua dakika nyingi huku asilimia zikipanda polepole. Ilipofika karibu na mwisho, mita ya LUKU ikaanza kulia. Pi. Pi. Pi. Kisha giza. UPS yangu ndogo, ambayo hata kwa wati haiwezi kuibeba kadi hii peke yake, ilipiga yowe moja na kuzimika.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu hesabu za umeme, maana ndizo zinazokosekana kwenye kila ulinganisho niliowahi kuusoma. Kadi ya mjomba imepangiwa wati 450, ya mpwa wati 355. Ukijumlisha prosesa na mengineyo, kompyuta yangu ikiwa kwenye gemu kali inavuta kama wati 600. Saa nne za mchezo kwa siku ni uniti 2.4. Kwa mwezi, uniti 72. Anayetumia umeme kidogo Tanzania hupewa bei nafuu mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo gemu peke yake inakuachia uniti tatu za taa, friji, pasi na maisha yote mengine. Siku moja nililigawa hata Bwawa la Julius Nyerere: megawati 2,115 zingewasha 4090 milioni nne na laki saba kwa wakati mmoja, ikiwa taifa zima litakubali kuvaa nguo zisizopigwa pasi.

Basi, giza. Tokeni ilikuwa imeshanunuliwa, iko kwenye simu ya mke wangu. Tarakimu 20. Mimi nimesimama mbele ya mita, shemeji ameshika tochi, yeye amekaa kwenye kochi, anasoma.

“Sita, mbili, tisa, sifuri,” alisema, akanyamaza.

“Endelea.”

“Gesi imekwisha tangu jana.”

“Nitajaza kesho.”

“Moja, moja, nane, nne. Asubuhi?”

“Asubuhi.”

“Saba, tatu, tano, tano. Na nani amemaliza bando langu?”

Kukawa kimya. Shemeji aliitazama tochi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Niliwahi kusikia kwamba mita ukichelewa kuandika inafuta ulichoandika, na kidole changu kilikuwa hewani juu ya kitufe. “Dada,” alisema mwishowe, “nitakununulia la wiki.”

“La mwezi,” akasema mama yao gizani.

“La mwezi.”

Kundi la nne lilitoka pamoja na ahadi ya kumaliza bomba la bafuni. Kundi la mwisho alilitoa bure, nadhani kwa huruma, au kwa sababu tamthilia yake ilikuwa inakaribia kuanza. Umeme ukarudi. Gemu ikaanza kuandaa michoro yake upya, kutoka sifuri.

Hatukuisubiri. Kijana wangu alikuwa ameshachukua pedi na kuwasha EA Sports FC, na kumbe hapo ndipo ulinganisho wa kweli ulipofanyika. Alicheza mechi ya kwanza kwa kadi yangu, mechi ya pili kwa ya shemeji, sisi tumesimama nyuma yake tumefunga mikono. Hakuna aliyeweza kutaja tofauti yoyote. TV yetu ni ya inchi 43 na inaonyesha picha 60 kwa sekunde, haionyeshi ya 61 hata ukiipigia magoti. Kadi ya mjomba ilikuwa na uwezo wa kurundika mamia ya fremu, ya mpwa vilevile, na zote mbili zikasimama mlangoni zikisubiri TV iliyonunuliwa kwa bei ndogo kuliko kadi yoyote kati ya hizo. Kijana akafunga bao la kichwa. Nilimuuliza kadi ipi ni nzuri zaidi. Aliuliza, “Kwani mmebadilisha?”

Nikiulizwa mimi, sijikwepeshi. Kwa wastani wa gemu za kawaida kwenye 4K, ya mjomba inaizidi ya mpwa kwa karibu robo, na bei yake wakati zinatoka ilizidi kwa asilimia 60. Anayecheza tu achukue ya mpwa, anunue TV nzuri kwa chenji, alale. Mwenye kazi ya Blender, au mwenye mapenzi na madimbwi, achukue ya mjomba, ila aipunguzie umeme hadi asilimia 70. Hapo inatumia wati 315, chini ya kadi ya shemeji, na kasi inayopotea ni kidogo mno kuweza kuiona. Shemeji hulichukia sana jambo hili. Hulichukia zaidi nikimkumbusha kwamba siku zake za mwanzo 7900 XTX ikiwa na skrini mbili zenye kasi ilikuwa inakula karibu wati 100 huku mwenye kompyuta akisoma barua pepe, hadi AMD walipoirekebisha kwa programu.

Lakini hukumu haikuwa yangu. Wati zote zinazoingia kwenye kadi zinatoka zikiwa joto, hazina pengine pa kwenda, na mama mkwe alikuwa ameligundua hilo mapema kuliko sisi. Masika yalikuwa yamening'iniza soksi za shule sebuleni siku nzima bila kukauka. Tulipokuwa tunabishania fremu, alizipanga nyuma ya kasha la kompyuta, pale feni zinapotoa hewa: jozi moja wakati wa kadi yangu, nyingine wakati wa kadi ya mwanawe. Alizigusa zote, akazipeleka shavuni, akazirudia tena. Kisha akanitazama, akasema, “Ya mkwe wangu inakausha vizuri zaidi.” Shemeji alijaribu kukata rufaa kwa hoja ya muda na unyevu. Mama yake akamwambia avae viatu, bajaji imefika.

Januari 2025 mjomba akatoa kadi mpya, RTX 5090, dola 1,999, memori gigabaiti 32. Shemeji alinitumia picha yake usiku, bila maneno, na mimi bila kufikiri nikaitaja bei kwa sauti mezani. Mke wangu aliweka kijiko chini. Mama mkwe, aliyekuwa amerudi kwa kliniki nyingine, aliuliza inakula wati ngapi.

“Mia tano sabini na tano, mama.”

Akatafuna, akafikiri.

“Hiyo,” alisema, “na mashuka itakausha.”